Chanda na pete kando ya Mweru: Kidole cha mwanamume kinasema nini?

KENANI, Zambia

MTU anayekimbia usiku habebi kabati wala kitanda. Hushika mkono wa mtoto, hujitwika kinachobebeka, na hutoka na kile kilichokuwa mwilini mwake tangu asubuhi. Ndiyo maana pete, kitu kidogo kuliko vyote ndani ya nyumba, mara nyingi huvuka mpaka wakati nyumba yenyewe imebaki nyuma.

Kenani, katika Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, ni mahali ambapo jambo hilo linaeleweka bila maelezo marefu. Kituo cha kupokea wakimbizi cha hapa kilianza kujaa mwaka 2017, maelfu ya Wakongo walipokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walitoka maeneo ya Pweto na Moba, wakaingia Zambia kwa upande wa Chiengi, kisha wakaletwa Kenani, takriban kilomita 90 kutoka mpakani. Januari 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa katika wilaya hiyohiyo, na familia nyingi zikahamishiwa huko kupewa viwanja vya kujenga na kulima.

Katika safari ya namna hiyo vitambulisho hupotea, vyeti vya ndoa huungua, picha za harusi hubaki ukutani. Mwanamume anayefika na pete kidoleni hufika na alama moja ya maisha aliyokuwa nayo. Lakini alama hiyo inasomwaje na majirani wapya? Kwa mmoja, pete ya mwanamume ni ndoa. Kwa mwingine ni urembo wa kijana wa mjini. Kwa wa tatu ni dini, na kwa wa nne ni uchawi. Kidole ni kimoja, wasomaji ni wengi.

Ufuko wa Ziwa Mweru, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 5,000 na linalogawanywa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Hapa pamekutana shaba ya Katanga, wafanyabiashara wa pwani, wamisionari, muziki wa Kinshasa na bidhaa zinazopita Kariakoo. Kila mmoja ameacha kitu kwenye mkono wa mwanamume.

Neno moja, nchi nyingi

Kabla ya kuitazama pete yenyewe, tulitazame jina lake. Mswahili husema pete. Mnyanja wa Zambia na Malawi husema mphete. Muganda husema empeta, Mnyarwanda na Mrundi husema impeta, Mshona wa Zimbabwe husema mhete, na anayezungumza Kilingala husema lopete. Mkimbizi aliyefika Kenani na Kiswahili chake cha Kongo anaweza kukosa maneno mengi sokoni, lakini akiomba pete ataeleweka upesi na yeyote anayejua Kinyanja.

Ndugu hawa wa lugha wanaonyesha kwamba pete si kitu kilicholetwa jana na meli. Watu wa ukanda huu walikuwa na jina la duara linalovaliwa kidoleni au mkononi muda mrefu kabla ya kanisa kuifanya sehemu ya harusi. Tofauti imekuja katika madini, katika kidole kinachovalishwa, na katika maana.

Na maana ndiyo inayobishaniwa. Methali ya Kiswahili husema chanda chema huvikwa pete, kwa maana kwamba mwenye tabia njema hupata heshima anayostahili. Marafiki wasioachana huitwa chanda na pete. Hakuna kati ya misemo hiyo miwili inayosema chanda ni cha mwanamke au cha mwanamume, wala hakuna inayotaja ndoa. Kwa lugha yenyewe, pete ni heshima na ukaribu.

Shaba iliyovaliwa kabla ya mipaka

Ng'ambo ya ziwa kuna Katanga, na Katanga ni shaba. Makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia mwaka 1957 na 1958, yalikutwa na mapambo ya shaba pamoja na misalaba midogo ya madini hayo. Watu wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita walizikwa wakiwa wamepambwa. Upande wa Zambia, makaburi ya Ing'ombe Ilede karibu na Mto Zambezi nayo yalikutwa na bangili za waya wa shaba na mapambo ya dhahabu.

Katika karne ya 19 shaba hiyo ilivuta watu kutoka mbali. Wanyamwezi na Wasumbwa kutoka magharibi mwa Tanzania ya leo walifika Katanga kuitafuta, na mmoja wao, Msiri, akajenga dola yake ya Garanganze yenye makao Bunkeya. Wafuasi wake, Wayeke, walijulikana kwa ufundi wa kuyeyusha shaba na kuivuta kuwa nyaya nyembamba zilizosokotwa kuwa bangili na vikuku. Msiri aliuawa Desemba 20, 1891, wakati vikosi vya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji vilipokuja kuidai nchi yake.

Upande wa pili wa Luapula, katika himaya ya Mwata Kazembe, biashara ilikuwa hiyohiyo: shaba na pembe za ndovu kwenda pwani, shanga na nguo kurudi bara. David Livingstone alifika kwa Kazembe mwaka 1867 na kumkuta mfanyabiashara kutoka pwani, Muhammad bin Salih, aliyekuwa amekwama huko kwa miaka mingi. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilifika kando ya Mweru kabla ya kituo cha wakimbizi, na kilifika kikiwa na bidhaa begani.

Katika ulimwengu ule mwanamume hakuhitaji kujieleza kwa nini amevaa chuma mwilini. Bangili, kikuku na pete vilieleza cheo, safari aliyofanya, mali aliyochuma na watu wake. Wazo kwamba mapambo ni ya wanawake peke yao lilikuja baadaye na halikuenea kila mahali kwa nguvu ileile.

Pwani ilivyoamua: fedha, si dhahabu

Kwa Mwislamu wa Zanzibar, Mombasa, Lamu, Tabora au Kasongo, suala la mwanamume na pete lina majibu ya zamani. Mafundisho yanayofuatwa na wengi humkataza mwanamume kuvaa dhahabu na hariri, lakini humruhusu kuvaa pete ya fedha. Mtume Muhammad (S.A.W.) mwenyewe alikuwa na pete ya fedha iliyochongwa jina lake na cheo chake cha utume, akiitumia kupigia mhuri barua alizowapelekea watawala. Mapokeo yanaeleza kuwa ilivaliwa baada yake na Abubakar, Umar na Uthman, hadi ilipoangukia kisimani wakati wa ukhalifa wa Uthman.

Kutokana na historia hiyo, mzee wa pwani mwenye pete ya fedha yenye jiwe la akiki kwenye kidole cha mwisho hashangazi mtu. Ni sunna kwa wanaoiona hivyo, ni urithi wa babu kwa wengine, na kwa wengine ni umaridadi wa siku ya Ijumaa unaokwenda na kanzu na kofia. Hata kidole kina adabu yake: yapo mapokeo yanayokataza mwanamume kuvaa pete kwenye kidole cha shahada na cha kati.

Masonara wa Lamu na Zanzibar wamekuwa wakifua pete hizi kwa vizazi. Zamani sarafu za fedha za Maria Theresa, zilizozagaa kuanzia Uhabeshi hadi Omani, ziliyeyushwa kupata malighafi. Lamu imejulikana pia kwa pete za fedha zilizopachikwa vipande vya vyombo vya kale vya kauri, ambapo kigae kilichovunjika hugeuka kito.

Mkongo wa Kiislamu kutoka Maniema anayefika Zambia na pete ya fedha hubeba adabu hiyo yote kidoleni. Jirani yake asiyeijua anaweza kudhani ni pete ya ndoa iliyovaliwa kidole kisicho chake.

Kanisa na kidole cha nne

Pete ya ndoa kama inavyojulikana leo ilifika kandokando ya Mweru na ndoa za kanisani. Wamisionari wa Plymouth Brethren, miongoni mwao Dan Crawford, walijenga kituo cha Luanza kwenye ufuko wa Kongo mwishoni mwa karne ya 19. Wakatoliki na makanisa mengine walifuata pande zote mbili za ziwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata huko Ulaya na Marekani pete ya ndoa kwa mwanamume si desturi ya kale sana. Kwa muda mrefu harusi nyingi zilikuwa na pete moja tu, ya bibi harusi. Wauza vito wa Marekani walijaribu katika miaka ya 1920 kuwauzia wanaume pete za uchumba, wakashindwa. Ni wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanaume walipokwenda mbali na wake zao, ndipo desturi ya pete mbili ilipopata nguvu. Mwanamume alivaa pete kwa sababu alikuwa safarini na alitaka kukumbuka nyumbani.

Sababu hiyo inaeleweka vizuri Kenani, ambako wapo waliotenganishwa na wenzi wao njiani.

Ndani ya Ukristo wenyewe msimamo haufanani. Askofu Mkatoliki huvaa pete kama alama ya cheo chake na ndoa yake na Kanisa, na ile ya Papa huitwa Pete ya Mvuvi, kumkumbuka Petro aliyeacha nyavu zake ziwani. Kwa upande mwingine, Kanisa la Waadventista Wasabato, lenye waumini wengi nchini Zambia, limewahimiza watu wake kujiepusha na mapambo, na hata pete ya ndoa imekuwa na mjadala ndani yake. Matokeo yake, mwanamume asiye na pete anaweza kuwa mume mwaminifu wa miaka 30, na imani yake ndiyo iliyomwacha na kidole kitupu.

Nao Wabemba na jamaa zao wa Luapula walikuwa na njia yao ya kufunga ahadi. Mshenga, anayeitwa shibukombe, hupeleka insalamu kwa wazazi wa msichana, mara nyingi fedha zilizowekwa ndani ya sahani mbili, moja ikiifunika nyingine. Jibu la familia husomwa kwenye sahani zinazorudishwa. Baadaye huja chilanga mulilo, upande wa mke unapompikia mkwe vyakula vya aina nyingi kumwonyesha kwamba sasa anaweza kula nyumbani kwao. Katika hatua zote hizo pete si sharti.

Pete si cheti

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la urembo na kugusa haki za watu. Katika maisha ya ukimbizi, swali la nani ni mume wa nani huamua mambo mazito: nani anaandikishwa kaya moja, nani anasafiri na nani, mtoto ni wa nani, na mjane anarithi nini. Mtu aliyepoteza karatasi hujikuta akiinua mkono kuonyesha pete.

Sheria za ukanda huu, hata hivyo, hazimtazami kidole. Nchini Kongo, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inadai mahari na usajili wa ndoa katika ofisi ya serikali. Nchini Zambia ndoa za kimila zinatambuliwa, na mahakama za mwanzo za huko hutoa hati zake. Tanzania, kupitia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, humchukulia mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakijulikana kama mke na mume, kuwa wanandoa hadi ithibitishwe vinginevyo. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, inataka hata ndoa za kimila ziandikishwe. Hakuna kati ya sheria hizo inayoifanya pete kuwa ushahidi wa ndoa.

Kwa hiyo wanandoa waliopoteza vyeti hujisaidia zaidi kwa kutoa maelezo yanayofanana wakati wa kuandikishwa, kutaja mashahidi waliohudhuria harusi, kutunza barua za kanisa au msikiti, na pale inapowezekana kutafuta hati mpya mahakamani, kuliko kwa kutegemea pete. Sheria ya Wakimbizi ya Zambia ya mwaka 2017 ndiyo inayoongoza hadhi ya wageni hawa nchini humo, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi kituoni.

Hata hivyo dunia inajua kwamba pete ya ndoa si mali kama mali nyingine. Januari 2016, bunge la Denmark lilipitisha sheria iliyoruhusu polisi kuchukua vitu vya thamani vya waomba hifadhi vinavyozidi kroner 10,000. Kelele zilipigwa Ulaya nzima, na pete za ndoa zikaachwa nje ya vitu vinavyoweza kuchukuliwa. Wabunge walioona sawa kuchukua fedha za mkimbizi waliona aibu kumvua pete.

Kijana na mji

Kwa vijana wa Nchelenge na wa ng'ambo ya ziwa, pete ina mwalimu mwingine: muziki. Papa Wemba, aliyefariki jukwaani Abidjan mwaka 2016, aliifanya La Sape, yaani utamaduni wa mavazi ya kifahari, ijulikane kila mahali inaposikika rumba ya Kongo. Kwa wafuasi wa mtindo huo, mwanamume aliyevaa vizuri hajamaliza kuvaa mpaka mikono yake imekamilika. Saa, vifungo vya mikono ya shati na pete ni sehemu ya vazi.

Kijana asiye na kazi ya kudumu hawezi kununua suti ya Paris, lakini pete ya bei ya samaki wachache anaimudu. Ndiyo inayomtofautisha na jana yake, na ndiyo humfanya akae mbele ya picha akiwa ameegemeza shavu kwenye ngumi. Wazazi wengi huliona hilo kama upuuzi. Lakini kwa mtu ambaye chakula chake, kiwanja chake na ruhusa yake ya kusafiri hupangwa na wengine, kuchagua kitu kimoja kwa mapenzi yake si jambo dogo.

Shida huanza pale pete inapodaiwa kufanya kazi isiyoiweza. Katika miji ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, nguzo za umeme na kurasa za mitandao zimejaa matangazo ya pete za bahati, zinazodaiwa kuleta utajiri, kupandisha cheo, kurudisha mpenzi au kuvuta wateja. Mnunuzi hutakiwa kutuma fedha za ada, kisha za sadaka, kisha za kusafisha nyota. Kinachotajirika ni simu ya mwenye tangazo. Zambia na Tanzania zote mbili zina sheria za uchawi zilizorithiwa tangu ukoloni, na utapeli ni kosa la jinai katika nchi zote, lakini aliyetapeliwa kwa namna hii mara nyingi huona haya kwenda polisi.

Upande wa pili wa uvumi huo ni shutuma. Mwanamume mwenye pete kubwa, hasa akianza kufanikiwa, huweza kuitwa Freemason au mfuasi wa shetani. Tanzania ililipitia wimbi la maneno hayo kwa nguvu miaka ya 2011 na 2012, kiasi kwamba marehemu Sir Andy Chande, kiongozi wa muda mrefu wa Freemason Afrika Mashariki, alijitokeza hadharani kueleza chama chake. Zambia nayo imekuwa na hofu zake za kishetani. Kwa mgeni asiye na ndugu wa kumtetea, shutuma kama hiyo haiishii kwenye mzaha. Jirani anayemwita mwenzake mchawi kwa sababu ya pete aliyoinunua sokoni anacheza na usalama wa mtu.

Pete na nyavu

Kwa mvuvi, hatari ya pete haihitaji mashetani. Nyuzi za nyavu, kamba za nanga, ndoano na mashine za boti hunasa pete kwa urahisi. Mwili ukivutwa upande mmoja na pete ikabaki upande mwingine, ngozi na nyama ya kidole huweza kuchunwa, na wakati mwingine kidole hukatika. Madaktari wa mikono wanalijua vizuri jeraha hili, na ushauri wao kwa wanaofanya kazi na kamba, ngazi, magari na mashine ni mmoja: vua kabla ya kuanza kazi.

Wavuvi wa chisense, wale samaki wadogo wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa, hufanya kazi gizani na kwa haraka. Maji baridi nayo husinyaza vidole, na pete iliyokaa vizuri mchana huteleza usiku na kuzama. Anayeipenda pete yake huitia kwenye uzi na kuiacha nyumbani, au huisubiri ardhi kavu.

Pete ikikwama kwenye kidole kilichovimba, hatua ya kwanza ni kuinua mkono juu ya usawa wa moyo kwa dakika kadhaa, kupaka sabuni au mafuta, na kuizungusha polepole badala ya kuivuta kwa nguvu. Wengi hufanikiwa kwa kuzungusha uzi kwa kubana kuanzia kwenye pete kuelekea kwenye kifundo, kisha kuufungua uzi kutokea upande wa pete ili uisukume mbele. Kidole kikibadilika rangi na kuwa cha bluu au cheupe, au kikifa ganzi, ni wakati wa kwenda kituo cha afya bila kuchelewa. Pete za dhahabu na fedha hukatwa kirahisi. Za chuma kigumu huchukua muda zaidi, na zile za tungsten hazikatwi bali hupasuliwa kwa kubanwa.

Anayenunua aangalie nini

Pete nyingi zinazouzwa katika masoko ya ukanda huu ni za chuma kisichoshika kutu au madini yaliyopakwa rangi. Hakuna ubaya kuzinunua, mradi mnunuzi ajue anachokinunua na alipe bei yake.

Dhahabu halisi kwa kawaida hupigwa mhuri ndani: 375 kwa karati 9, 585 kwa karati 14, na 750 kwa karati 18. Fedha nzuri huwa na 925. Mhuri huweza kughushiwa, hivyo kwa kitu cha thamani ni heri kwenda kwa sonara anayejulikana kuliko kumwamini mchuuzi wa stendi. Sumaku husaidia kidogo: ikiivuta pete, hiyo si dhahabu wala fedha tupu. Isipoivuta, bado haijathibitisha chochote, maana shaba na baadhi ya vyuma visivyoshika kutu navyo havivutwi.

Kipimo kichukuliwe jioni, kidole kikiwa na joto la kawaida, kwa kuwa asubuhi na kwenye baridi vidole huwa vyembamba. Pete ipite kwenye kifundo kwa kusukumwa kidogo, na isitoke yenyewe mkono ukikung'utwa. Anayewashwa au kutoka vipele chini ya pete huenda ana mzio wa nikeli, madini yanayochanganywa katika mapambo mengi ya bei nafuu. Rangi ya kijani inayoachwa na pete ya shaba hutokana na jasho, na huoshwa kwa sabuni.

La mwisho ni hesabu ya nyumbani. Pete ya chuma si akiba. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, na katika miezi hiyo mitatu hakuna atakayeinunua tena kwa bei iliyouzwa. Dhahabu na fedha hutunza thamani. Rangi ya dhahabu haitunzi.

Shaba yetu, pete ya wengine

Kuna jambo moja ambalo kidole cha mwanamume wa Mweru kinaziuliza serikali za ukanda huu. Kongo ndiyo mzalishaji mkubwa wa shaba barani Afrika, na Zambia inaifuata. Shaba hiyo hupita kwenye barabara ya Kasumbalesa, Nakonde na Tunduma ikielekea bandari ya Dar es Salaam. Barabara hiyohiyo hurudisha makontena ya bidhaa kutoka China, na ndani yake, kati ya viatu na chaja za simu, zimo pete. Mjukuu wa watu waliovuta nyaya za shaba kwa mikono yao ananunua duara la chuma lililotengenezwa bara jingine.

Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Zambia si mwanachama wa jumuiya hiyo, lakini nchi hizo mbili ziko pamoja katika SADC na COMESA, ambayo makao yake makuu yako Lusaka. Aprili 2022 zilitia saini makubaliano ya kushirikiana kuongeza thamani ya madini yao kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Mazungumzo hayo ni ya viwanda vikubwa, na yana umuhimu wake. Lakini ukanda huu una pia malakiti ya Katanga inayochongwa na mafundi, zumaridi ya Lufwanyama, amethisti ya Kalomo, tanzanaiti ya Mererani, na masonara wa pwani wenye ujuzi wa vizazi. Kinachokosekana ni njia nyepesi ya fundi mdogo kununua gramu chache za madini kihalali, kuyavusha mpakani na kuuza kazi yake bila kuhesabiwa kuwa mlanguzi.

Mwaka 2020 mchimbaji mdogo wa Mererani, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali ya Tanzania mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya Sh7.7 bilioni, na dunia nzima ikasikia. Fundi anayegeuza jiwe la kawaida kuwa pete ya mwanamume wa kawaida hasikiki, na huyo ndiye angeweza kuajiri vijana watatu Nchelenge, wawili wakiwa wenyeji na mmoja mkimbizi.

Hadi hapo, pete zitaendelea kuja na makontena, na wanaume wataendelea kuzichagua kila mmoja kwa sababu yake: huyu kwa mkewe aliye naye, yule kwa mke aliyepotezana naye njiani, mwingine kwa dini yake, na mwingine kwa sababu ilimpendeza tu. Nayo majirani wataendelea kuzisoma. Aliye na shaka ana njia ya zamani isiyogharimu kitu. Amuulize mwenye kidole.